Nukta ya Baba Mkwe

Jumatatu, 6 Aprili

Hema la watu wanne halijarudi. Mteja aliyelichukua hapokei simu. Ni la pili mwaka huu.

Nilimweleza mke wangu kwa sauti ya chini, wakati anavua viatu baada ya zamu ya zahanati, nikitumaini uchovu umeziba masikio. Haukuziba. Alisema, bila kupandisha sauti (hapo ndipo pa kuogopa), kwamba kikipotea kitu kingine, hema, begi, hata kigingi kimoja, duka linafungwa na chumba anapewa dada yake afungue saluni. Shemeji yangu huyo keshapima ukuta wa kuwekea vioo! Nilimkuta na futi ya kamba mkononi, akijidai anatafuta mchwa.

Saluni! Chumba ambacho nimeandika mlangoni kwa mkono wangu: Mahema, Mabegi na Majiko ya Kambi Yanakodishwa!

Ng'ambo ya barabara, Tabasamu alikuwa akianika mahema yake juani. Naye anakodisha vitu hivihivi kwa watu wapandao mlima. Yote yamerudi. Yote! Tunamwita Tabasamu kwa sababu huchekelea kila kiumbe, pamoja na mbwa. Mtu ambaye vyake havipotei wakati vya jirani vinapotea lazima aulizwe maswali.

Jumanne, 7 Aprili

Dawa imepatikana. Vidude vya kufuatilia vitu! Vidogo kama kifungo cha koti. Unaficha kimoja ndani ya begi, halafu kwenye ramani ya simu unaona nukta. Begi likienda, nukta inakwenda. Nimevikuta sokoni vimewekwa fungu kama nyanya, bei ya kutupa. Nikachukua fungu zima.

Fundi simu amejaribu kunivunja moyo. Eti vidude vya bei hii haviongei na setilaiti, vinanong'ona tu, na lazima simu ya mtu iwe karibu isikie huo mnong'ono ndipo habari inifikie. Mjini sawa, anasema, simu zimejaa. Je, kule mlimani nani atasikia? Nyani? Akanishauri niandike namba kwenye kila kifaa na nimuulize kila mteja anakwenda wapi na anarudi lini. Ushauri wa bure huo, na ndiyo maana ni wa bure.

Jaribio la kwanza: nimekitia kimoja kwenye mkoba wa mke wangu bila kumwambia. Simu yake ikamtangazia, mbele ya daktari na benchi zima la wagonjwa, kwamba kuna kifaa kisichojulikana kinamfuata. Mlinzi akaitwa. Mkoba ukamwagwa sakafuni.

Leo nalala kwenye kochi. Lakini nukta ilikuwa palepale zahanati! Kidude kinafanya kazi.

Jumatano, 8 Aprili

Nimepaka rangi kibao kipya: KILA KIFAA CHETU TUNAKIONA. Watu wanasimama wanasoma. Hata Tabasamu amevuka barabara kuja kusoma. Ameuliza kama na wateja nao wanajua kuwa wanaonekana. Nikamjibu kwamba mwenye moyo safi haogopi kuonekana, na nikamkazia macho. Alitabasamu. Amezoea.

Dosari moja ndogo. Mteja amerudisha mfuko wa kulalia akidai una ndege ndani, umelia alfajiri yote. Nimemweleza kuwa si ndege, ni betri inapungua. Hakutulia.

Jioni amekuja Baba Mkwe. Dereva wa treni mstaafu. Miaka yote aliendesha chuma kwenye reli, na sasa ameamua kwenda pasipo na reli: anataka kupanda mlimani peke yake Ijumaa, alale usiku mmoja, ashuke Jumamosi kabla ya chakula cha mchana. Mke wangu akakataa katakata. Mvua, umri, goti. Mzee akasema goti ni lake. Wakanuniana mezani, kila mmoja anatafuna kana kwamba chakula kimemkosea.

Hapo nikapata upenyo. Nikasema, aende tu! Nitampa begi lenye kidude, na kila hatua yake tutaiona hapahapa sebuleni. Mke wangu akanitazama sana. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika kama ninavyojua jina langu. Akasema haya, lakini akaongeza neno moja: "Umeahidi."

Leo nimerudishwa kitandani.

Ijumaa, 10 Aprili

Baba Mkwe ameondoka asubuhi na begi langu la bluu. Alipofika kona nikabonyeza kengele ya kidude, kujaribu tu. Begi likalia. Mzee akageuka. Nikabonyeza tena. Akageuka tena, kwa mabega yote. Nikampungia mkono. Hakupunga.

Nimeingia ndani kupanga majiko, na baadaye kidogo nimefungua ramani. Nukta imesimama. Imesimama wapi? KWA TABASAMU!

Nimemkamata! Begi langu liko ndani ya duka lake! Ndiyo maana vyake havipotei: vinaongezeka! Nimekaa nyuma ya kaunta nikiitazama ile nukta kama paka anayetazama tundu la panya. Haijasogea mchana kutwa.

Swali la Baba Mkwe lilinijia, sikatai. Kama begi liko pale, mzee yuko wapi? Nikajijibu kwamba Tabasamu kambadilishia begi njiani kwa ujanja, na mzee anapanda zake mlima na begi jingine, hajui lolote, raha mustarehe. Nikaamua ninyamaze. Ukimshtua mwizi mapema anaficha. Nitakwenda na polisi Jumatatu.

Mke wangu amepiga simu kutoka kazini kuuliza habari za baba yake. Nimesema namwona. Akauliza yuko vizuri? Nikasema ametulia. Si uongo. Nukta ilikuwa imetulia kabisa.

Jioni hii mvua imeanza. Inapiga bati kwa ngumi. Mke wangu amesimama dirishani muda mrefu, halafu akasema afadhali tunamwona. Nikaigeuza simu kifudifudi.

Jumamosi, 11 Aprili

Wino umemwagika kwenye shuka. Basi.

Chakula cha mchana kiliiva, Baba Mkwe hakuja. Mlima umevikwa ukungu hadi kiunoni. Mama Mkwe alikaa mezani hajavua kilemba, sahani ya mumewe kaifunika kwa sahani nyingine. Mke wangu akaninyooshea mkono: nipe simu. Nikasema betri. Akasema nipe simu.

Akaitazama ramani. Akaikuza kwa vidole. Kisha akasoma polepole, kama mtoto anayejifunza: "Hapa ni kwa Tabasamu." Halafu: "Tangu lini?"

Nikasema tangu jana.

Hakupiga kelele. Alichukua mkoba wa dawa na kutoka bila mwavuli. Nikamfuata nikieleza habari ya mwizi, mtego, polisi wa Jumatatu. Maneno yalinitoka yakiwa na akili, yakifika nje yanakuwa ya kipumbavu.

Tabasamu tulimkuta anafunga kamba za buti. Hakuwa anatabasamu. Sikuwahi kumwona hivyo, na ndipo nikaogopa kwa kweli. Begi langu la bluu lilikuwa limening'inia msumarini.

"Mzee aliliacha hapa jana," alisema. "Alisema linalia kama kifaranga na hawezi kulala nalo. Nikampa langu, lenye hema ndani, na filimbi shingoni. Nikamuuliza atapita wapi. Kasema njia ya mto, atalala penye jiwe bapa, na leo mchana angenirudishia begi. Hajaja. Nilikuwa nakuja kwenu, halafu niende kumtafuta."

"Njia ya mto," mke wangu alirudia. Mvua ya usiku kucha. Mto.

Tukaondoka watatu. Sijawahi kuuona mlima ule ukiwa hivyo. Njia imekuwa utelezi, vijito vimezaa vijito vingine. Ukungu mzito kiasi kwamba nilimfuata Tabasamu kwa sauti ya buti zake. Mke wangu alikuwa akiita, "Baba! Baba!" na mlima haukurudisha hata mwangwi. Mara mbili nilitoa simu kutazama. Mtandao hakuna. Nukta bado imekaa dukani kwa Tabasamu, kavu. Mara ya tatu mke wangu aliichukua simu mkononi mwangu, akaitia mfukoni mwake, akaendelea kupanda. Ningependelea kofi.

Tulifika penye jiwe bapa. Halikuwepo. Maana yake lilikuwepo, ila chini ya maji, na maji yalikuwa ya rangi ya chai yakipita juu yake kwa kishindo. Kwenye kichaka kilichoinama palikuwa na kipande cha hema kimenasa. Mke wangu alikishika. Akakifinya. Tabasamu akavua kofia, na nikatamani airudishe kichwani, kwa sababu mtu havui kofia hivihivi.

Ndipo ikasikika. Fii. Nyembamba. Nikadhani ni sikio langu. Fii, tena, kutoka juu, upande wa kushoto. Tabasamu alikwisha kuparamia mwamba kabla sijaamua kama ni ndege. Safari hii si betri!

Alikuwa kwenye mwanya wa mwamba, magoti kifuani, midomo ya buluu, filimbi katikati ya meno. Mguu umevimba kama mkate. Maji yalimfikia usiku, akatambaa juu na kuliacha hema. Mke wangu alimkumbatia kwanza, akamtukana pili, ndipo akamfunga mguu. Mzee alikuwa akitetemeka kiasi kwamba filimbi ilijipiga yenyewe.

Tabasamu alimbeba mgongoni mpaka chini. Mimi nilibeba fimbo yake. Nikateleza nikaivunja.

Jumapili, 12 Aprili

Baba Mkwe amelazwa zahanati, atapona. Mama Mkwe ameketi kando ya kitanda, anamlisha uji na lawama kwa kijiko kimoja.

Aliniita karibu. Sauti imemkauka. "Mkwe," alisema, "nimeendesha treni maisha yangu yote na kila stesheni walijua nilipo. Nilitaka siku moja asijue mtu. Kosa langu hilo. Lakini wewe si ungeniuliza tu: Baba, unapita wapi? Ningekuambia. Mimi si mbuzi wa kufungwa kengele."

Nikasema nimeelewa. Machozi yalinilengalenga, na hilo naandika hapa tu.

Nimekwenda kwa Tabasamu kumshukuru. Nilitaka pia kumwomba radhi kwa kumdhania mwizi, lakini kwa kuwa hakujua nilimdhania, nikaona nisimsumbue. Akanikabidhi begi langu la bluu. Akasema hema lake lililochukuliwa na mto nisilifikirie, mradi mzee yupo.

Mke wangu amesema duka halifungwi. Tabasamu ndiye aliyemsihi, eti mji una nafasi ya maduka mawili. Ila sharti moja: nisimwekee tena kiumbe hai kidude. Si yeye, si baba yake, si mtu. Kwenye vifaa sawa, kwenye watu hapana. Nimeapa. Mkono juu.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimetafakari siku nne na nimegundua kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa kusema! Kibao, kengele, tangazo. Mtu akijua, anaacha begi kwa jirani. Asipojua, haachi. Isitoshe, begi huachwa. Koti haliachwi, hasa na mgonjwa anayesikia baridi.

Basi nimemnunulia Baba Mkwe, aliyeruhusiwa jana kurudi nyumbani, koti zito la sufu. Zawadi ya kupona. Kidude nimekitoa kispika kwa bisibisi, bubu kabisa, nikakishonea ndani ya upindo wa mkono wa kushoto. Sikuvunja kiapo. Koti si kiumbe hai.

Amelipokea asubuhi kwa furaha kubwa. Alilivaa palepale. Mama Mkwe, ambaye ni fundi cherehani, akasema zuri sana ila mikono mirefu, atafumua upindo leo mchana aupunguze. Nikasema hakuna haja. Akasema haja ipo, mume wake hawezi kutembea amefunikwa vidole. Sawa. Wanawake na vipimo.

Sasa niko kaunta, ramani mbele yangu. Inafanya kazi vizuri ajabu! Mchana kutwa nukta ilikuwa nyumbani kwao. Sasa imetoka. Imeingia barabara kuu. Inaelekea huku! Mwendo wa kasi, kwa mtu mwenye mguu uliovimba.

Imepita zahanati. Ilisimama pale kidogo, bila shaka kumsalimia binti yake, na sasa inakuja kwa kasi zaidi.

Masikini mzee. Lazima koti limempendeza. Ngoja niteleke chai, wanakuja kunishukuru.