Jina Nisilolitaja Kwenye Kipaza Sauti

Jumatatu, 4 Septemba
Mwezi wa saba wa ndoa! Mzukisi wangu anakoroma kama trekta, nami naona ni muziki.

Rufaa yangu ya kufukuzwa kazi dukani ni Alhamisi, mahakamani Mthatha. Kwa msuluhishi nilishindwa. Aliandika kuwa nilikataa amri halali nikiwa kwenye miezi ya majaribio. Amri gani? Kumwita meneja wa duka kwa jina kwenye kipaza sauti! Na jina lake ni lile lile la baba mkwe. Makoti gani wa Kixhosa, bibi arusi wa boma la watu, atalitaja jina la baba mkwe? Hata hapa siliandiki. Nilikuwa natangaza: "Yule mwenye upara, unahitajika kwenye nyama." Wateja walifurahi. Yeye hapana. Mwezi wa pili akanifukuza.

Msuluhishi aliponiuliza nani alinifukuza, nilinyamaza. Alhamisi lazima nitaje, maana mahakama inataka jina, si cheo. Nikirudishwa kazini tutapanga chumba chetu wenyewe. Chenye mlango unaofungwa! Ah, Mzukisi!

Jumanne, 5 Septemba
Mpango: mazoezi. Nikajificha kwenye banda la kuku. Nikajaribu herufi ya kwanza. Jasho. Ya pili. Kizunguzungu.

Wifi yangu Nomalizo akachungulia. Akauliza, "Makoti, unamtukana nani humo?" Nikasema nahesabu kuku. Akasema kuku wote wako nje. Mnoko yule!

Kufikia chai mama mkwe alishajua. Hakufoka. Aliniambia polepole, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwamba nikilitaja mbele ya watu nisirudi kunywa maziwa ya boma hili, mimi si makoti wao tena. Nikapiga magoti, nikaapa. Nikammiminia chai kwenye sahani badala ya kikombe.

Jumatano, 6 Septemba
Mpango bora zaidi! Nimemchora meneja. Upara, mashavu, kitambi, ukubwa wa sinia. Nikiulizwa, nainua tu. Mzukisi akasema mbona ni baba yake. Lo! Kweli! Nikaongeza masharubu ya meneja haraka, manene.

Mzukisi akanibusu puani, akasema ameoa mwanasheria. Nitakufa kwa raha.

Alhamisi, 7 Septemba
Meneja amenyoa masharubu!

Jaji, mama wa makamo, akauliza nani alinifukuza. Nikainua picha. Akaitazama sana. Akauliza huyu ni nani. Karani hamjui. Wakili wa duka naye hamjui. Nikaona chumba chetu kinayeyuka, mlango na kila kitu. Ndipo meneja akasimama, amevimba: "Ni mimi huyo! Na kitambi changu si kikubwa hivyo! Mimi ndiye niliyemfukuza!"

Jaji akamuuliza kama aliwahi kunionya. Hapana. Kunielekeza? Hapana. Kuniuliza kwa nini, basi? "Hapana, mama. Nilijua ananidhihaki." Jaji akanigeukia mimi. Nikaeleza habari ya baba mkwe, macho chini. Akasema hata aliye kwenye majaribio huonywa, huelekezwa, hupewa nafasi ya kujirekebisha. Rufaa imekubaliwa! Nirudi Jumatatu, majaribio yaanze upya, na nimwite "Meneja", yaishe.

Meneja akanung'unika kwamba angeambiwa mapema angeelewa. Mkewe mwenyewe hajawahi kulitaja jina la baba mkwe wake.

Nililia shingoni kwa Mzukisi mpaka kola ikalowa. Nyumbani mama mkwe alipiga vigelegele, akaniambia, "Umetuheshimisha, mwanangu." Akachinja kuku. Nomalizo ndiye aliyemnyonyoa. Mimi nilikaa! Nilipumua kama mtu aliyetua gunia la mahindi.

Jumatatu, 11 Septemba
Kazini! Nikatangaza kwa adabu: "Meneja, kwenye nyama tafadhali." Akanipungia mkono. Amani tupu.

Saa tano Mzukisi akaingia kununua sabuni. Shati la bluu! Ningefanyaje? Nikatangaza kuwa mwanamume mzuri kuliko wote Mthatha yuko safu ya nne, ameoa, akina dada wasogee nyuma. Kisha shairi, nililitunga pale pale. Beti saba za kwanza. Foleni za malipo zikasimama. Bibi mmoja alilia. Mzukisi akajificha nyuma ya magunia ya unga, mpenzi wangu mwenye haya!

Saa nane Meneja akaniita ofisini. Onyo la maandishi, na maelekezo, na nafasi ya kujirekebisha, kama jaji alivyosema. Moyo wangu ukatulia kabisa. Yaani kumbe siku hizi hawawezi kunifukuza bila kupitia yote hayo!

Kesho natangaza beti saba zilizobaki.