Kushoto Penye Dagaa

Jumatano, 9 Julai 1997

Kwaheri masjala! Shirika la wakimbizi linatafuta mwenyeji wa mji, mtu wa kuwatembeza wafanyakazi wapya kwa miguu, stesheni hadi Ujiji, kwa kuwa magari yote yako kambini. Bosi wao, Bi Leonida, atanipima tarehe 19. Nimemwambia Ujiji naijua nje ndani. Tangu nihamishiwe hapa kutoka Singida, miaka miwili sasa, nimefika Ujiji mara moja. Kwenye msiba. Nililala kwenye lori kwenda na kurudi.

Benedict, ambaye tunakaa naye meza moja ofisini, naye kaomba. Hajui hata soko la Mwanga liko wapi! Au labda anajua. Simwamini.

Jumamosi, 12 Julai

Zénon kanitembeza. Rafiki yangu huyu ni mvuvi wa dagaa, Mrundi. Wazazi wake walikimbilia hapa mwaka sabini na mbili yeye akiwa mgongoni. Anaongea Kirundi, Kiha, Kiswahili na Kifaransa kidogo. Kazi hii ingemfaa kuliko wote, ndiyo maana sikumwambia. Nilimwambia daktari kaniagiza mazoezi. Akanihurumia, akanibebea hata koti.

Mateso! Kila mlango Zénon anasimama. Amahoro, mama hajambo, mtoto kapona, mihogo imekauka? Salamu arobaini na moja kabla ya kufika ziwani! Mimi nilikuwa kazini, naandika alama za njia. Kushoto penye dagaa walioanikwa juu ya wavu. Kulia penye dagaa wa mchangani, mama anafukuza kunguru. Kichochoro cha tatu, fuata harufu. Rahisi mno! Zénon akauliza naandika nini. Nikasema mapigo ya moyo.

Alhamisi, 17 Julai

Benedict kaenda Ujiji kujifunza njia, kafukuzwa na bata mzinga. Mungu yupo.

Jumamosi, 19 Julai

Hakuna dagaa! Hata mmoja! Hakuna wavu, hakuna kunguru, hakuna harufu. Nilisimama njia panda nikinusa hewa mpaka Bi Leonida akauliza kama nina mafua. Nikakata kushoto kwa kubahatisha. Tukatokea uani kwa bibi mmoja, Agnesi, anachambua maharage. Nikapita bila salamu, kana kwamba ndiyo njia yenyewe. Dakika kumi baadaye, ua uleule. Mara ya tatu bibi akatuwekea viti, akauliza kama tunatafuta mbuzi aliyepotea. Nikasema ndiyo. Majirani wote wakatoka kunisaidia! Wakaniletea mbuzi mweusi, nikalazimika kumkagua meno na kusema si yeye. Bi Leonida alikuwa anatazama viatu vyake.

Hapo akatokea Zénon, shati jeupe, anatembea kwa raha zake. Akashangaa: mbalamwezi yote hii nani avue dagaa? Mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti kitu, basi wanapumzika mpaka giza lirudi. Kila mtu anajua! Alieleza mengine mengi ya ziwa, sikuyasikiliza, maana Bi Leonida alikuwa anamtazama yeye. Akatuongoza, amahoro kila mlango, na kabla hatujafika ufukweni alikuwa amempatia Bi Leonida vyumba vitatu vya kupangisha wageni. Akapewa kazi palepale. Nilitamani kulia.

Jumatatu, 21 Julai

Zénon kaikataa kazi! Kamwambia Bi Leonida kwamba giza likirudi yeye anaingia majini na wenzake, na kwamba mwenye shida na kazi ni mimi. Alilijua hilo tangu siku ile ya mapigo ya moyo. Niliona aibu, aibu ya kweli, kwa muda wa kikombe kizima cha chai.

Bi Leonida kanipa nafasi ya pili, tarehe 2 Agosti. Zénon anataka kunifundisha majina ya watu, nyumba kwa nyumba, kila jioni. Nimemwambia asihangaike. Majina ya nini? Leo nimeshuka Ujiji peke yangu, nimeandika alama mpya, kubwa, za uhakika. Kushoto penye mitumbwi mitatu. Kulia penye mtumbwi wa bluu. Nyoosha hadi penye mitumbwi saba. Yote imelala mchangani wiki nzima, hakuna aliyeigusa. Mtumbwi si dagaa, hauendi popote.