Mtihani wa Salim Nimeufanya Mimi

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko. Simu yangu imepasuka kioo upande wa kushoto na herufi za huko hazikubali, kwa hiyo nimeandika kwenye karatasi nikaipiga picha. Makosa ya herufi ni yangu, simu haihusiki. Naandika polepole siku zote.

Leo nimeaibika mbele ya mwalimu ambaye hata sura yangu haijui.

Kwa wageni wa kundi: mimi ni Zuhura, niko mtaa wa Al Warqa huku ughaibuni, nafanya kazi za ndani kwa familia yenye asili ya Unguja. Nyumbani wanaongea Kiswahili, na hiyo ndiyo bahati yangu. Wana mtoto mchanga, na wana Salim, mwenye miaka kumi. Salim haendi shule. Anasomea kwenye meza ya chakula na mama yake, Madam wangu, ndiye mwalimu. Mimi hukunja nguo pale pembeni wakati wa masomo. (Kuna vyumba vingine vya kukunjia nguo. Sivitumii.)

Sasa vitabu vya mwaka huu vimekwisha, vipya lazima viagizwe. Vitabu hivi haviendi kwa darasa, vinakwenda kwa ngazi. Mtoto anapimwa kwanza, ionekane ngazi gani inamfaa. Madam anasema Salim ni wa ngazi ya tano. Sir, baba yake, hasemi ngazi. Sir alisema tu, juzi wakiwa wanakula, kwamba mtoto akipimwa akaonekana yuko chini ya tano, khalas, yamekwisha, Septemba anarudi shule.

Salim aliacha kutafuna. Shule aliyotoka alikuwa hasemi na mtu tangu asubuhi mpaka basi limrudishe. Namwelewa. Mimi pia niko hivyo, ila mimi hakuna anayenilipia ada.

Anayepima ni mwalimu mmoja wa kike wa huko wanakouza vitabu. Yuko nchi nyingine, anapima kwa simu. Na simu yake imekuja kuangukia asubuhi ya leo, saa ileile ya chanjo ya mtoto mchanga. Madam akaweka simu ya mezani kwenye spika, akapanga kurasa za kusoma mbele ya Salim, akafunga ushungi ampeleke mtoto kliniki.

"Kaa naye, Zuhura," akaniambia. "Asiondoke kitini. Na weye usimtie neno kinywani, hata moja."

Nikasema ndiyo, madam. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote.

Simu ikaita. Salim akasalimia, akataja jina na umri. Kisha akashika tumbo. Ana tumbo la woga, na asubuhi alikuwa amekunywa laban nyingi, yale maziwa ya mgando, ili asionekane ana woga. Akanitazama, akashuka kitini, akakimbilia chooni bila kusema lolote.

Bila ruhusa. Hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Nyie mliosoma shule kama yangu mnajua. Hutoki darasani mpaka unyooshe mkono, usimame, uombe ruhusa. Ukitoka kimyakimya, unaporudi unamkuta mwalimu mlangoni anakusubiri, na hajaja mikono mitupu. Nikajua kabisa kwamba huyu wa kwenye simu akigundua kiti ni kitupu, Salim anakatwa alama.

"Salim?" mwalimu akaita. Alikuwa anaongea Kiingereza. "Upo?"

Sasa niambieni. Mwalimu anaita majina, mwenzako yuko chooni, unafanyaje? Unamwitikia.

"Yes, teacher," nikasema.

Na nikasimama. (Mwalimu akikuita unasimama. Nina miaka ishirini na mbili, nina aproni. Nilisimama.)

Nia yangu ilikuwa kumwitikia jina tu, mpaka arudi. Lakini mwalimu hakupumzika. Na sauti yangu kwenye simu mnaijua nyote. Mama yangu mzazi nikimpigia huwa ananiambia, wewe mtoto, hebu mpe simu Zuhura.

Akaniambia nisome ukurasa ulio mbele yangu. Ulikuwa unahusu nyuki. Nikasoma tulivyofundishwa, kwa sauti ya kufika madawati ya nyuma, kidole chini ya neno. Nilisoma kila kitu, pamoja na namba ya ukurasa na yale maneno ya chini yanayosema ufunue unaofuata.  Mwalimu akasema vizuri sana, tusome tena, safari hii polepole.

Ile ndiyo ilikuwa polepole.

Zikaja hesabu. Pizza imekatwa vipande vinane, umekula vitatu, imebaki sehemu gani ya pizza? Nikafikiri kwa uaminifu. Nikajibu kwamba haibaki, teacher. Katika nyumba hii sijawahi kuona pizza iliyolala.

Chooni maji yalikuwa yanafunguliwa na kufungwa. Salim hakuonyesha dalili ya kutoka.

Mwalimu akalegeza sauti, akasema tuachane na hesabu, hebu nieleze siku yako huwaje. Hilo ndilo swali la kwanza nililokuwa na jibu lake. Nikalijibu lote. Naamka alfajiri. Napiga pasi kanzu za Sir.

"Baba yako unamwita Sir?" akauliza.

"Yes, teacher. Wote tunamwita hivyo." (Madam hamwiti hivyo. Nilisahau kumtoa.)

Nikaendelea. Naosha vyombo, namwogesha mtoto, nafua, nakata vitunguu, napiga deki. Akauliza nacheza lini. Nikasema Ijumaa, lakini si kila Ijumaa. Akauliza nalala wapi. Nikasema nyuma ya jiko, chumba ni kizuri, tunakaa na mashine ya kufulia.

Nikasikia kalamu yake ikiandika kwa kasi.

"Umejitahidi sana, Salim," akasema mwishoni, kwa sauti ya mtu anayetafuta kitambaa cha machozi. "Sana." Akaniaga. Nikabaki nimesimama, kwa sababu hakuniambia nikae.

Salim akatoka chooni. "Dada, amemaliza?"

"Amemaliza."

"Nimefanya vizuri?"

Nikamwambia amesoma kwa sauti kubwa. Alipoelewa kilichotokea alikaa sakafuni. Akaniomba nisimwambie mama yake. Nami nilikuwa nataka kumwomba hivyohivyo, kwa hiyo tukaelewana haraka.

Mchana Sir akarudi kula. Wamekaa wote mezani, mimi naleta wali, simu ikaita. Madam akaweka spika ili na Sir asikie. Mpaka sasa sijui kwa nini sikuurudisha wali jikoni nikabaki nao huko.

Mwalimu akaanza kwa kusema mtoto wao ana adabu ambayo hajaikuta kwa mtoto yeyote. Madam akamtazama Sir kwa tabasamu. Kisha mwalimu akasema, kwa kusoma na kwa hesabu, anashauri ngazi ya pili. Tabasamu likabaki palepale usoni, ila Madam mwenyewe alishaondoka.

"Lakini kwanza," mwalimu akasema, "ningependa tuzungumze kuhusu kazi za nyumbani."

Akazitaja moja moja. Hakusahau hata vitunguu. Akataja na pizza, kwamba mtoto amesema hailali, maana yake haimfikii. Akasema, kwa upole sana, kwamba mtoto wa miaka kumi hapaswi kulala na mashine ya kufulia.

Madam akashika kifua. "Mwanangu huyu? Hajapata kuosha hata kijiko!"

Sir vijiko havikumhusu. Sir alikuwa amesikia namba tu. "Ya pili," akasema. Akaweka kitambaa mezani. "Khalas. Septemba, shule."

Salim hakulia. Alinitazama tu, kama alivyonitazama asubuhi alipokuwa ameshika tumbo. Wala hakunisema. Angeweza kunisema.

Niwaambie kitu. Tangu nifike nyumba hii, Sir nimewahi kumwambia mambo mawili: "Ndiyo, Sir" na "Chai tayari." Nikaweka sinia la wali chini, kwenye zulia, sijui kwa nini zulia na meza ipo.

"Sir," nikasema. "Ngazi ya pili ni mimi."

 Kwenye simu mwalimu akauliza, ni nani huyo? Maana ilikuwa ni sauti ileile.

"Ni dada," Salim akamjibu. "Mimi nilikuwa chooni."

Madam akanigeukia. "Zuhura! Ulimjibia?"

"Nilimwitikia jina tu, madam. Maswali yalikuja yenyewe."

Sir akanitazama. Akauliza, kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Pizza katika nyumba hii hailali?"

"Ndiyo, Sir," nikasema. (Nilirudi kwenye maneno ninayoyajua.)

Akainamia sahani yake. Mabega yakaanza kucheka kabla yake.

Mwalimu akakubali kumpima Salim upya, palepale, Sir akiwa amekaa pembeni mwenyewe. Mimi nikapelekwa jikoni na mlango ukafungwa. Nikasikiliza kupitia mlango. Katikati ya hesabu Salim akasema, kwa sauti safi, "Naomba ruhusa nitoke, teacher." Nilikuwa nimemfundisha hivyo asubuhi, koridoni. Sir anasema alinyoosha na mkono.

Jibu likatoka: kusoma ngazi ya sita, hesabu ngazi ya nne. Mwalimu akasema watoto wengi wako hivyo, na hakuna ubaya, kila somo linunuliwe kwa ngazi yake. Nilisikia nne nikajishika mdomo. Nne iko chini ya tano.  Kisha nikasikia Sir akisema moja juu, moja chini, kama anayejisemea. Halafu akaomba chai. Katika nyumba hii Sir akiomba chai, jambo limepita: Septemba Salim yuko nyumbani.

Nikampelekea. Kisahani kikaimba njia nzima.

Jioni Madam akaniita stoo. Nikajua ndiyo naambiwa nifungashe. Akanyoosha mkono juu ya rafu, akatoa boksi la vitabu vya zamani vya Salim, vumbi likamwingia machoni. Ngazi ya pili, kusoma na hesabu.

"Kesho ukimaliza vyombo, ukae nasi," akasema. "Kitini. Uache kujifanya unakunja nguo."

Kwa hiyo kesho naanza. Mwalimu wangu wa hesabu ni Salim, amejiteua mwenyewe, na ameshaniambia kutoka nje ni kwa ruhusa.

Naomba msicheke, hasa nyie mnaofanya kazi Marina, nawajua. Ila mniandikie, nitajibu, ingawa nitachelewa. Andikeni kwa herufi kubwa na maneno mafupi. Mnajua niko ngazi gani.