Mtani Wangu, Tajiri wa Msumbiji

Jumanne, 5 Agosti 2003
Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi kwa heshima ya mama yako, lifunge. Kama umeshasoma mstari mmoja, uishie kwako. Usimwambie hata mkeo. Hasa usimwambie Bwana Fidelis, mwenye kampuni yetu ya tafsiri hapa Nachingwea.

Maonyesho ya biashara yanaanza kesho. Makarani wa majaribio tuko wawili, mimi na Goreti. Nafasi ni moja. Bwana Fidelis amesema atakayepata wateja wengi hadi Ijumaa jioni atabaki, mwingine arudi kwao. Kwetu ni Naipingo. Jembe langu liko pale pale nilipoliacha. Na mama ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe ni mtu wa ofisi.

Jumatano, 6 Agosti
Nimegawa vipeperushi tangu saa mbili asubuhi. Kireno, Kiingereza, Kimakua, Kimakonde, Kiyao, Kimwera, vyote tunatafsiri. Watu walivipokea kwa furaha. Mchana nikaona muuza karanga wa jirani anavifungia karanga.

Bibi mmoja wa kijiji cha Kiegei aliniuliza kama siku hizi mtu anahitaji karani ili amwelewe jirani yake. Nikajibu kuwa ni huduma ya kisasa. Akanipa pole.

Wateja wangu: hakuna. Goreti amekaa kwenye kigoda, anawaandikia akina mama barua za Kireno kwa ndugu zao walioko Msumbiji. Wateja saba. Hapazi hata sauti. Hiyo si mbinu.

Alhamisi, 7 Agosti
Mbinu ninayo mimi. Kesho saa nne mgeni rasmi akipita, atatokea tajiri wa Msumbiji asiyejua Kiswahili, nami nitamtafsiria mbele ya umati. Tajiri huyo ni Mikidadi, fundi redio wa Ruangwa. Ana suti na miwani ya jua. Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu, ndiyo maana nimemchagua: mtani hakatai ombi.

Nimemwandikia sentensi nne za Kireno azikariri. Amezipokea kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake.

Ijumaa, 8 Agosti
Sentensi ya kwanza aliisema vizuri. Nikatafsiri, watu wakapiga makofi. Kisha Mikidadi akakunja karatasi, akaitia mfukoni, akaendelea kwa Kimwera.

Alisema kwamba siku ya msiba wa babu yangu nilikimbizwa na bata hadi nikajificha nyuma ya jeneza. Ni kweli. Lakini mimi, kwa woga, nilishika yale tuliyopanga. Nikatangaza kwamba mheshimiwa anasema huduma zetu hazina mfano.

Karibu umati wote ni Wamwera.

Akasema tai niliyovaa ni ya marehemu huyo huyo. Nikatangaza kwamba anasifu unadhifu wetu. Akasema hajaona mwongo kama huyu tangu azaliwe. Nikatangaza kwamba anasema nina kipaji. Mgeni rasmi alicheka hadi akashikwa mkono asianguke. Mwishowe Mikidadi akanivua tai, haki ya mtani, akaondoka nayo. Kumkasirikia mtani ni aibu, kwa hiyo nilitabasamu mpaka taya zikauma.

Jumamosi, 9 Agosti
Goreti, wateja ishirini na mmoja. Nafasi ni yake.

Nilikuwa nafunga begi alipoingia Mzee Kaimu wa Narung'ombe. Anamtaka yule kijana anayegeuza matusi kuwa sifa. Kesho anakwenda kumposea mwanawe kwa Wamakua, wazee wasiojua Kiswahili, na yeye mwenyewe, anakiri, mdomo wake una pilipili. Kimakua nilifundishwa na bibi. Bwana Fidelis akafikiri, akasema posa ikikubaliwa nitapewa dawati letu jipya la Ruangwa. Ikivunjika, nisirudi hata kuaga.

Safari hii sibahatishi. Nimeshapata mtu wa kukaa katikati ya wazee na kuisifu tafsiri yangu. Ni dada yake Mikidadi. Naye ni mtani, lakini ni mwalimu, si mtu wa mzaha. Amekubali papo hapo. Ameuliza tu kama kwa wale wakwe kuna bata.

Ukinihitaji kuanzia Jumatatu, shuka stendi ya Ruangwa, fuata sauti ya redio. Nimepanga chumba uani kwa Mikidadi. Pita mlango wa nyuma, uniite polepole kwa jina langu, Nicholaus. Ukikutana na mwenye nyumba, sema umepotea njia. Utamjua kwa tai.