Alama ya Maji Ukutani

Jumatatu, 3 Machi

Daftari mpendwa, salamu nyingi. Natumaini hujambo. Mimi ni mzima, nina hasira tu. Mama mkwe anakusalimu, mguu bado unamuuma ila mdomo wake hauna tatizo. Baba Msomi anakusalimu, karudi kutoka lindoni asubuhi na sasa yuko kitandani na redio yake. Msomi, binti yangu, anakusalimu sana, na ndiye aliyekuleta, maana mmegawiwa bure chuoni kwao. Pasi yangu inakusalimu, mpini umelegea. Kuku wetu angekusalimu lakini alichukuliwa na mafuriko.

Niliishia darasa la nne. Kuandika kwangu ni barua tu, ndiyo maana nimeanza hivi. Msomi kaniambia mama, hasira zako andika humu, usiwamwagie watu. Haya. Namwaga!

Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi nguo za walimu wa chuo. Leo nimepeleka mashati, nikasikia kwamba jarida la wanafunzi linatoa toleo maalumu. Linaitwa Tumeinuka. Eti ni la kusherehekea waliostahimili mafuriko na kuanza upya. Siku ya kufungua tena maktaba watasoma andiko moja mbele ya watu wote. Andiko la Msomi wangu limeingia katika matatu ya mwisho! Hakuniambia. Kanificha mimi niliyemzaa. Nilipomuuliza akasema alijua nitaingilia.

Mimi? Niingilie?

Halafu nikasikia la pili. Picha ya jalada itakuwa ukuta wa Mama Pazia.

Mama Pazia ni jirani yangu. Nyumba yetu ni moja ndefu, vyumba vimepangana, mimi na yeye tunatenganishwa na ukuta mmoja. Kila saa yuko nyuma ya pazia anachungulia, ndipo jina likatoka. Siku ya mafuriko godoro lake nililibeba mimi. Kichwani! Yeye alibeba kioo.

Sasa yeye ndiye shujaa. Kichwa kinaniuma.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa Mhariri. Ni msichana mwembamba, miwani kubwa kuliko uso. Nilimpelekea blauzi yake, nimeipiga pasi hadi kola inaweza kusimama peke yake. Nikamwuliza kwa upole kwa nini ukuta wa jirani na si wangu. Akasema ukuta wa yule mama bado una alama ya maji, ule mstari wa tope uliobaki mafuriko yalipoondoka. Picha itaonyesha maji yalifika wapi. Wako mama ni mweupe kabisa, akasema. Hongera.

Hongera! Amenipiga hongera kama kofi.

Ni kweli ukuta wangu ni mweupe. Niliupaka chokaa siku ya nne baada ya maji kuondoka. Nani anataka kuamka kila siku anatazama tope? Mikono ilibabuka. Mama Pazia hakupaka kwa sababu ya uvivu. Uvivu! Sasa uvivu umekuwa historia.

Niliporudi nikamkuta mlangoni. Akaniita shoga yangu. Akaniuliza kama namjua mtu anayekodisha viti, wageni wake watakuwa wengi. Akasema pia nisianike mashuka mbele ya ukuta wake wiki hii, yataharibu mwanga. Mwanga! Nimepata wazo.

Jumatano, 5 Machi

Nimerudisha alama.

Ni kazi ya akili. Nilichota tope kwenye mtaro, ule ule ulioziba ukatuletea maji, na bado umeziba hadi leo, hakuna jarida lililoandika habari zake. Nikachanganya na chai ya asubuhi iliyobaki, ipate rangi. Nikatia wanga ule ninaotilia kola, ishike vizuri. Nikafunga kamba ya kuanikia nguo kutoka kona hadi kona ili mstari unyooke. Mstari wa Mama Pazia uko magotini. Wangu nimeuweka mabegani. Kama ni kuteseka, tuteseke.

Nilikuwa katikati, brashi mkononi, mara nasikia kitu kinalia ka! Nageuka, kumbe ni yule mwanafunzi mpiga picha, mrefu kama mwanzi, kaja kupima mwanga kwa Mama Pazia. Akaniuliza mama unafanya nini. Nikasema nasafisha mwanangu, nafuta hii alama. Akasema vizuri mama, endelea tu. Akaondoka.

Nimemweza!

Alhamisi, 6 Machi

Mstari umekauka. Unang'aa kidogo. Ni wanga, lakini kwa mbali hauonekani.

Baba Msomi alitoka kunawa uso akautazama muda mrefu. Akaniuliza maji yalipofika hapo yeye alikuwa wapi. Nikamwambia alikuwa lindoni. Akasema alikuwa hapa hapa, kasimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kabla hajaipanda suruali ililowa hadi gotini tu. Nikamwambia arudi kwenye redio.

Mama mkwe naye akasema kama maji yangefika pale, yeye angekuwa marehemu, na kama yeye ni marehemu basi uji wake wa asubuhi ameletewa nani. Akaunywa wote.

Msomi hajaona. Siku mbili hizi analala hosteli kwa rafiki yake, wanasoma. Vizuri. Nimemtuma mteja kwa Mhariri na ujumbe aje kesho, kuna ushahidi mpya.

Ijumaa, 7 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Mhariri kaja, yule mrefu na kamera yake kamfuata, na Msomi kaja nao! Alikuwa na furaha, eti mama kumbe unataka kusaidia jarida. Nikawapeleka ukutani.

Mstari ulikuwa unatembea.

Chai! Nilisahau chai ya asubuhi ina sukari. Sisimizi wote wa mtaa walikuwa wamejipanga juu ya mstari, kutoka kona hadi kona, wanapishana wanasalimiana. Mpiga picha akasema hajawahi kuona mafuriko yanayokwenda pande mbili.

Hapo pazia likafunguka. Mama Pazia akatoka na khanga begani, akasimama pale kuta zetu zinapokutana. Akaweka kidole kwenye mstari wake, magotini. Akaweka kingine kwenye wangu, mabegani. Akamwuliza Mhariri, kwa sauti tamu, chuoni wanafundisha nini kuhusu maji, maana ya kwake yamelala lakini ya jirani yamepanda ngazi. Akasema labda kwangu yalikuja na viatu virefu. Watu wakacheka. Hata mama mkwe alicheka, na ni mama mkwe wangu!

Mhariri hakucheka. Alivua miwani akaifuta. Akamwambia Msomi kwamba andiko lake nalo linataja nyumba hii na mafuriko haya. Sasa atajuaje lipi ni la kweli? Andiko limesimamishwa. Lisomwe lisisomwe, ataamua Jumatatu.

Msomi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliutazama ukuta, akanitazama mimi, akasema mama, nilikuficha kwa sababu hii. Akaenda zake.

Jumapili, 9 Machi

Msomi kaja kuchukua nguo zake. Kamsalimu bibi yake. Kamsalimu baba yake. Mimi kaniambia shikamoo mama, kama anamsalimia karani wa posta.

Kwa miaka miwili nimesimama juu ya pasi ili asome. Nimeunguza vidole vitatu. Na sasa nimemwunguza yeye.

Nimekwangua mstari wote kwa kisu. Nimepaka chokaa upya. Sisimizi wamehamia kwenye sukari ya mama mkwe, anapiga kelele tangu asubuhi. Apige.

Nina mpango. Kesho nitakwenda kwa Mhariri kumwambia kwamba aliyechora mstari ni mama mkwe, umri umemzidi. Nimemwomba mama mkwe ruhusa. Kasema nikithubutu, atakwenda chuoni na mguu wake huo huo awaonyeshe akili zake zilipo.

Basi nitasema ni sisimizi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda. Nilikuwa nimejipanga vizuri, maneno yote nimeyakariri njiani. Nimeingia ofisi ya jarida, chumba kama stoo, viti viwili na meza yenye mguu wa matofali. Na ukutani nikaona wamebandika ile picha ya ukuta wa Mama Pazia, kubwa, na chini yake wameandika Ustahimilivu.

Mipango yote ikaniruka. Hasira ikapanda, ukweli nao ukatoka.

Nikasema mstari nilichora mimi kwa mkono huu, na binti yangu hajui chochote, na andiko lake sijaliona hata herufi moja. Nikasema ndiyo, ni uongo, lakini ukuta safi nyinyi hamuuoni! Nimefuta tope siku ya nne, hakuna aliyekuja na kamera. Nimefua nguo za mtaa mzima zilizojaa tope, hata za huyo Mama Pazia, hakuna aliyeandika. Aliyekaa na uchafu wake ndiye mliyemwekea jalada. Nikasema na huko kustahimili kwenu mnakusherehekea kwa nini? Mimi sikustahimili, nilikuwa sina pa kwenda! Mtaro umeziba, mvua zinakuja tena, na nyinyi mnapiga picha ya mstari. Kapigeni picha ya mtaro!

Mhariri alikuwa anaandika. Nikamwuliza unaandika nini. Akasema maneno yako mama. Nikamwambia ayafute. Hakufuta.

Akaweka kalamu chini, akasema mama, unajua Msomi ameandika nini? Nikasema sijui. Akasema njoo Alhamisi.

Nimelia njiani. Nilipofika kwenye mtaro nikautemea mate.

Alhamisi, 13 Machi

Maktaba imefunguliwa. Inanukia rangi mpya. Vitabu vingine vimevimba kwa maji, wameviweka kwenye rafu hivyo hivyo. Nilikaa nyuma na mama mkwe. Mama Pazia alikaa mbele, kilemba kimepanda hadi aliyekuwa nyuma yake alihama kiti.

Wakamwita Msomi! Msomi wangu!

Hakusema tumeinuka. Alisema hatujainuka, tumesimama juu ya ndoo. Akasema mama yake alipaka chokaa siku ya nne, na si kwa sababu alikuwa amepona, ila kwa sababu alikuwa na hasira, na hasira ile ndiyo aliyotumia kufua nguo za majirani wote, akizigonga kwenye jiwe kana kwamba ndizo zilizoziba mtaro. Akasema watu wa mtaa walirudi kazini na shuleni na mashati safi, na hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Kisha akamtazama mkuu wa chuo machoni, akauliza mtaro utazibuliwa lini.

Makofi! Mkuu wa chuo naye akapiga, polepole, kama mtu anayehesabu.

Nililia hadi khanga ikalowa. Nilikasirika pia. Kwa nini aseme mbele ya watu kwamba tuna ndoo moja? Tunazo mbili.

Baadaye Mama Pazia kanifuata nje. Macho mekundu. Akasema jirani, lile shati la marehemu mume wangu, tope lilitoka lote, sikuwahi kusema ahsante. Akanipa kipande cha sabuni, kimefungwa kwenye leso. Nikakipokea. Tukarudi pamoja, mama mkwe katikati, kila mmoja kamshika mkono mmoja. Msomi akaja nyuma akanibebea mkoba. Kaniita mama kwa sauti yake ya siku zote.

Moyo umetulia. Kuanzia leo sitaingilia tena jambo lolote.

Ijumaa, 14 Machi

Jarida limetoka!

Jalada si ukuta wa Mama Pazia. Jalada ni mimi!

Nimeshika brashi, nimeinama, mstari wa tope uko mbele yangu. Chini wameandika: Mama akifuta alama ya mafuriko. Yule mrefu kama mwanzi aliipeleka kwa mchapaji Jumatano ile ile, kabla ya sisimizi, kaandika vile vile nilivyomwambia. Mhariri alipokuja kujua, kumbe lilikuwa limeshachapwa lote. Ukuta wa Mama Pazia umewekwa ndani, ukurasa wa kumi na tisa, mdogo kama stempu.

Msomi aliitazama picha muda mrefu. Kisha akacheka hadi akakaa sakafuni. Kaniapisha nisimwambie mtu. Mimi niseme? Picha haina mdomo, na mimi nitaufunga wangu. Kilichoniudhi ni kilemba. Kimekaa upande, naonekana kama nimetoka kupigwa.

Nilimwambia Msomi lazima warudie picha. Akasema hawarudii, na toleo lijalo lina mambo mengine kabisa, ni la majirani waliogombana wakapatana.

Amekosea kuniambia.

Tatizo ni kwamba mimi na Mama Pazia tumeshapatana. Na hakukuwa na kamera! Itabidi tugombane upya. Nimeshapanga. Jumatatu namwanikia mashuka mbele ya dirisha lake, yote kumi na mawili. Jumanne tutatukanana. Jumatano tununiane. Yeye hajui bado, lakini nikianza ataendelea mwenyewe, namjua. Barua hii nimeinakili hapa kabla sijaipeleka:

Mhariri mpendwa, salamu. Mama mkwe anakusalimu, Baba Msomi anakusalimu, pasi imepata mpini mpya. Nimesikia mnatafuta majirani waliopatana. Sisi tutakuwa tumepatana Alhamisi saa nne asubuhi, jua linakuwa upande wangu. Kilemba nitakifunga vizuri. Msomi asiambiwe. Tafadhali nijibu haraka, kabla ya Jumatatu, nijue kama nianike.