Tezo ya Mume wa Khadro

Jumatatu, 3 Juni 1996
Mungu mkubwa! Uhamisho wangu wa Machakos umeiva. Nafasi ni moja, na mwalimu mwenzangu Vincent, wa hesabu, anaimezea mate. Lakini afisa wetu wa elimu anapenda vitu vya kale kupindukia, na leo sokoni Garissa nimemnunulia kimoja: mpini mfupi, chuma kimepinda mbele kama kijiko. Vincent akauliza ni cha nini. Mwenyewe sikijui. Ati Mkamba mzima sijui vyombo vya kuchongea! Babu ndiye aliyekuwa mchongaji. Mimi nilikimbilia chaki. Nikamwambia ni silaha ya sultani. Akaondoka amenuna. Safi!

Jumanne, 4 Juni
Nimepaka mpini vanishi. Unang'aa. Kibandiko nimeandika: Silaha ya Sultani.

Jumatano, 5 Juni
Salaale! Khadro, anayetuuzia maziwa ya ngamia kwenye geti la shule, ameiona akakaa chini ghafla. Akasema ni tezo ya marehemu mumewe; alama ya moto mpinini aliitia mume mwenyewe. Shemeji zake waliiuza bila kumwuliza. Mume alichongea kengele za ngamia, za mti. Chuma kimepinda ili kifike ndani bila kupasua ubavu wa kengele. Kila kengele na sauti yake. Mchungaji akiisikia kichakani anajua ngamia aliyepotea ni wa nani. Ya mwisho iko nyumbani, imechimbwa nusu. Mwanawe Hamze anataka kuimalizia.

Akagusa vanishi, akauliza kwa upole nani kaipaka, maana mkono utateleza. Nikasema sijui. Nimeona haya mpaka chai imenishinda.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeingia kwa afisa na tezo mkononi. Mdomo ukanisaliti! Nikamweleza yote: kengele, mume, hata vanishi. Nikasema siwezi kumpa, ina mwenyewe. Yeye ni mtu wa Wajir, kwa wafugaji wa ngamia. Akagusa chuma chake. Akasema baba yake alikuwa na tezo kama hiyo. Kisha akanishika mkono, akasema mwalimu anayejali mambo ya watu hivi haachiwi aondoke. Vincent ndiye anayekwenda Machakos. Ole wangu!

Jumatatu, 17 Juni
Ngamia wa Khadro amepita na kengele mpya, ile aliyoimalizia Hamze baada ya mimi kuwarudishia tezo. Sauti nzito, ya taratibu. Nikasimama kusikiliza, somo likanipotea. Nikamkumbuka babu. Sikuwahi kumwuliza chochote, na inaniuma.

Jioni nikapitia sokoni. Nimempatia afisa kiti kidogo cha mti, cha kale kweli! Muuzaji anashikilia kwamba si kiti, wazee hulazia kichwa wakilala. Huyo hajui biashara. Kibandiko tayari: Kiti cha Sultani.