Macho-Manne Alivyomkimbia Mtalii

Redio ya bandari ya San Eloy haikusubiri hata watu wameze kahawa. Mwongoza watalii mmoja wa hoteli ya msituni, huko juu ya mto Ucayali, amewatelekeza wageni wake porini na kutokomea kusikojulikana!

“Kusikojulikana wapi?” akadakia Piranya, mzee aliyebakiwa na meno mawili, yote ya mbele. “Si huyu hapa anapuliza kikombe!”

Macho-Manne akazidi kuinama, kama aliyedondosha kitu ndani ya kahawa.

Mwenye kijiwe, Mama Soraida, hakugeuka. Aliendelea kufunga wali wa kuku kwenye majani, ila masikio yote yalikuwa kwa kijana huyu wa marehemu mdogo wake. Alimlea yeye, na ni yeye aliyemwombea kazi kwa Bi Griselda, mwenye hoteli. Na Bi Griselda alikuwa anashuka leo kwa boti ya asubuhi, na hakuna aliyedhani anakuja kunywa kahawa.

“Wewe unayemwona nyoka wa kijani juu ya jani la kijani,” alisema Kobe, mwenye boti ambayo hata magogo yanayoelea huipita, “umekimbia nini? Chui?”

“Chui ningempiga picha.”

“Mamba?”

“Kobe, niache.”

“Sema, mwanangu,” Mama Soraida alimwambia. “Heri uanze kuulizwa na wanaocheka, anayenuna yuko njiani.”

Macho-Manne akashusha pumzi. “Kuna mtalii mmoja, Bwana Joost, mrefu kama mlingoti. Jana asubuhi tumbo lilimkorofisha, nikamwacha kitandani nikaenda msituni na wenzake. Kufika kwenye ule mti mkubwa wa lupuna, namwona nani mbele yetu? Bwana Joost! Kasimama kimya, anatabasamu, ananiita kwa mkono.”

Kijiwe kizima kikaacha kutafuna.

“Ukatazama miguu?” Piranya alinong'ona.

“Mimi mtoto wa wapi nisitazame miguu! Wa kulia, gambuti jeusi kubwa kama mtumbwi. Wa kushoto, gambuti dogo, jekundu!”

“Chuyachaki!” Piranya aliruka kahawa ikamwagika. “Jini la msitu lenyewe! Linajifanya mtu unayemjua, linakuita, ukilifuata hurudi. Ila miguu! Miguu Mungu kaikataa ilingane!”

“Basi nilipiga ukelele, nikaja kupata fahamu niko kwenye mtumbwi.”

“Na wageni?”

“Nilijua wananifuata.”

“Na hilo jini?” Mama Soraida aliuliza taratibu.

Macho-Manne akakuna shingo. “Usiku mpishi kanipigia simu. Lilikuwa Bwana Joost mwenyewe, mama mkubwa. Alipata nafuu, akatutangulia kwa njia ya mkato. Stoo ilikuwa na gambuti moja tu la saizi yake, la pili akaazima la mpishi, akalikata mbele vidole vitoke.”

Kobe alicheka mpaka akashika nguzo. “Mtu kalipa safari nzima aje aone maajabu, ajabu lenyewe likamkimbia yeye!”

“Kafanya vyema!” alifoka Piranya. “Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio!”

“Kilio gani?” alisema Kobe. “Mimi ningelifuata hilo jini, nikaliuliza gambuti limenunua wapi!”

“Hakuna Chuyachaki,” Mama Soraida alikata shauri, akafanya ishara ya msalaba. “Kuna Mungu, na kuna magambuti yasiyolingana.”

Honi ikalia mtoni. Bi Griselda akapanda ngazi za udongo, mwavuli kwapani. Macho-Manne alisimama, kofia mkononi.

“Kaa. Wageni wameondoka, na wametuandika mtandaoni. Nimesoma huku nimeshika kichwa.”

“Wamesema nini, Bi Griselda?”

“Kwamba ndege waliwaona, tumbili waliwaona. Ila watakachowasimulia wajukuu ni mwongozaji aliyeruka mizizi kama paa huku akilitaja jini. Bwana Joost kaondoka na gambuti jekundu, mpishi analia. Na kundi la Alhamisi limeniuliza: kule kukimbia, kumo kwenye bei?”

Kobe alipaliwa.

“Nimewajibu kumo. Utakimbia kila Alhamisi.”

“Lakini Bi Griselda, mimi nilikimbia kwa dhati!”

“Sasa utakimbia kwa mshahara. Ila nataka mtu wa kusimama pale kwenye lupuna na magambuti yake mawili tofauti. Nikimkosa huyo, sina safari ya Alhamisi, na wewe huna kazi.”

Macho yote yakamwendea Kobe.

“Mimi? Nisimame pale peke yangu?” Kobe alirudi nyuma. “Na yule mwenyewe akitokea nimwambie nini? Leo zamu yangu?”

“Piranya?”

“Goti.”

“Jana ulifukuza bata na goti hilohilo!”

“Bata namjua ametoka wapi.”

Macho-Manne aliizungusha kofia mkononi, asimtazame mtu. Mama Soraida aliufikiria mti ule, ambao chini yake hata mchana ni jioni. Ulimi wake ulishasema hakuna Chuyachaki. Sasa miguu ndiyo ilitakiwa kuthibitisha.

“Nileteeni hayo magambuti,” alisema.

“Mama mkubwa!”

“Nyamaza, wewe kazi yako kukimbia. Na nisikilizeni wote. Sijifanyi jini, hiyo ni dhambi. Nitasimama tu, kama mtu anayesimama. Watakayowaza wageni ni yao na Mungu wao. Na shingoni navaa rozari yangu ya mbao, ile kubwa.”

“Jini lenye rozari!” Kobe alipiga makofi. “Sasa nani atalikimbia hilo?”

Piranya alishatia kofia kichwani, anaondoka zake.

“Lile la kweli.”